Pembe au Kitani

Chumba cha uani nyumbani kwangu hapa Tabora kilikuwa hakijakaliwa na mtu kwa miaka minane. Nilikuwa naweka humo magunia ya mahindi, baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, na viti viwili vya kukunja ambavyo kila mwaka nilisema nitavitengeneza. Mwezi wa saba, siku moja ya vumbi jingi, binti yangu alipita akitoka kazini. Akakaa barazani bila kuvua viatu, akanipa shikamoo, nikaitikia.

"Mama alivunjika mguu," akasema.

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na mimi naambiwa leo?"

"Hakutaka uambiwe, baba. Hata leo nakuambia kwa sababu kuna shida, siyo kwa sababu amekubali."

Mama yake ni mke wangu. Hatujaachana mbele ya wazee wala mbele ya kanisa. Miaka minane iliyopita alirudi kwao, upande wa Sikonge, akajenga chumba kwenye eneo la kaka yake, akawa anachuja asali na kuyeyusha nta na kuuza. Mimi nikabaki hapa. Watu wakiniuliza, husema mama yuko shamba, na watu wana adabu, hawaulizi shamba gani hilo lisilo na mavuno.

Binti akaeleza. Plasta ilikuwa imetolewa, lakini mguu ulikuwa umelegea, na daktari ametaka afanyishwe mazoezi katika hospitali ya hapa mjini mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Kusafiri kwenda na kurudi na mguu ule haikuwezekana.

"Akae kwako," nikasema.

"Kwangu wapi? Vyumba viwili, watoto wanne, na choo cha kupandia ngazi. Nimemwambia aje hapa."

"Akasemaje?"

Binti alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka alichokirithi kwangu. "Amesema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kukiangalia chumba. Gari litamsubiri nje. Akikikuta kama alivyokiacha, atageuza nalo."

Nilijua maana yake bila kuuliza. Alikuwa anazungumzia kuta.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana bila hivyo mtu ataona ni ajabu mzee mzima kukosa raha kwa ajili ya rangi ya ukuta.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwa elimu hiyo nikapata kazi ya ukarani kwenye reli, kituo cha Bukene. Nikajenga nyumba ya matofali mabichi karibu na njia ya treni, nikaoa. Kwetu kusimamisha ukuta ni kazi ya mwanamume, na kusiriba ni kazi ya mwanamke. Mavuno yakishaingia ndani, wanawake huenda kuchimba udongo, kila mmoja na mahali pake anapopajua, wanaupondaponda, wanauchanganya na majivu na samadi, wanaupaka ukutani kwa kiganja. Nje na ndani. Mke wangu alikuwa na udongo wake wa kumalizia alioufuata mbali, nusu siku kwa miguu, na ulipokauka ulikuwa na weupe ambao haukuwa mweupe. Kabla haujakauka alipitisha vidole vinne ukutani, juu ya kitanda, kutoka pembe mpaka pembe, ikawa mistari ya mawimbi. Kila mwaka aliipaka upya, na kila mwaka mawimbi yalikuwa tofauti.

Mtoto wetu wa kwanza alipokaribia, alikwenda kujifungulia kwao, kama desturi, akakaa miezi mitatu. Wakati huo kituo kilipakwa rangi upya. Rangi ikabaki, mkubwa wangu akaniambia chukua. Nikachukua. Nikapaka nyumba yangu ndani kama stesheni: chini mpaka usawa wa kiuno rangi ya kahawia nzito, juu krimu, na katikati mstari mweusi niliounyoosha kwa kamba. Rangi ya mafuta, inayong'aa. Niliwaita hata wenzangu wa kazini waje waone. Mmoja akasema sasa ninaishi kama mkaguzi. Nikafurahi sana kuambiwa hivyo.

Mke wangu alirudi na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Aliangalia juu ya kitanda, mahali palipokuwa na mawimbi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe nimerudi kusubiri treni." Wanawake waliomsindikiza wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao, nikidhani ni utani.

Mvua za mwaka ule zilipoingia, ukuta wa udongo ukafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kijijini angeniambia kama ningemuuliza. Unyevu ulipanda kutoka chini, rangi ya mafuta ikauzuia kutoka, ukajaa ndani. Rangi ikavimba malengelenge, kisha ikadondoka vipande vikubwa pamoja na udongo uliokuwa nyuma yake. Nilimwambia asiribe upya. Akaniambia ukuta huo sasa ni wa kituo, nikamwombe mkubwa wangu aje ausiribe. Nikauziba kwa saruji, na ilionekana vibaya mpaka siku tulipohama.

Mtu mwenye akili hujifunza hapo. Mimi sikujifunza. Nilipohamishiwa Tabora na baadaye kujenga nyumba hii ya matofali ya kuchoma, mke wangu aliniomba kitu kimoja tu: chumba cha uani, ambacho kingekuwa chake cha kazi zake za asali na nta, kipakwe chokaa. Nikamjibu kwamba chokaa ni ya vyoo. Nikakipaka kahawia chini, krimu juu, na mstari mweusi katikati. Wakati huo hata stesheni zenyewe zilikuwa zimeacha kupakwa hivyo.

Na bado haikutosha. Mama mkwe wangu alipofariki, mke wangu alikwenda kwenye mazishi, akakaa arobaini. Mahindi yalikuwa mengi mwaka ule. Nikafungua chumba chake, nikapekua vitu vyake kuona kipi cha kuhifadhi na kipi cha kutupa, nikahamishia makopo yake ya nta chini ya mti nje, yakayeyuka kwa jua. Nikaingiza magunia. Aliporudi aliuliza swali moja: nani aliingia chumbani kwangu? Nikasema, "Chumba chako kiko kwenye nyumba ya nani?" Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa sauti yangu, nikiwa sijalewa wala sijakasirishwa na mtu. Kesho yake alipanda gari la Sikonge.

Basi ndiyo maana binti alipotaja chumba, nilielewa.

Kesho yake nilianza kutoa magunia. Nilikuwa nabeba moja, napumzika, nabeba jingine. Ilinichukua siku mbili kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla ya chai. Kisha nikamwita fundi rangi. Ni mtu wa hapa mjini, Mwislamu wa familia ya siku nyingi, baba yake alipaka chokaa misikiti na nyumba za wafanyabiashara, na babu yake vilevile. Umri wake unakaribia wangu, ila bado anapanda ngazi. Alipoingia chumbani alisimama katikati, akageuka taratibu, akaangalia ule mstari mweusi.

"Mzee, tiketi zinakatwa dirisha lipi?"

"Fundi, fanya kazi."

"Nauliza tu. Nisije nikaachwa na treni."

Aliisugua rangi ya zamani kwa msasa siku nne, maana rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Akapaka praima kuta zote. Chumba kikawa cheupe kikali kama karatasi, kinaumiza macho mchana. Akaniambia sasa nenda dukani ukachague.

Nilidhani nitaenda dukani, nitasema krimu, nitarudi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipa kitabu cha rangi, na ndani ya kile ambacho sisi tuliita krimu kulikuwa na vipande vidogo vya rangi visivyopungua thelathini, kila kimoja na jina la Kiingereza. Kingine jina la ua, kingine jina la biskuti. Nilisimama pale nikivigeuza kwenye mwanga wa mlangoni mpaka mwenye duka akanipa kiti. Mwisho nikabaki na viwili. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha kuvifasiri: kimoja kilikuwa pembe ya ndovu, na kingine kitani. Nikanunua kopo dogo la kila rangi.

Fundi alipozifungua alicheka. "Pembe! Babu zetu waliibeba begani kutoka huku mpaka pwani, mabega yakachubuka. Leo inarudi kwenye kopo, na bado tunaambiwa ni ya Wazungu."

"Paka tuone."

Alipaka mabaka mawili yenye ukubwa wa gunia karibu na dirisha, na mengine mawili ukuta wa ndani, pembe kushoto, kitani kulia. Zilipokuwa mbichi sikuona tofauti yoyote. Zilipokauka niliona, halafu nikapoteza, halafu nikaona tena.

"Tofauti ni hii," fundi akasema, akiweka mkono wake katikati ya mabaka. "Hii ya pembe ina umanjano kidogo nyuma. Hii ya kitani ina ukijivu kidogo. Usizitazame moja moja, hutajua kitu. Zitazame pamoja. Tena usiamue asubuhi. Jua la asubuhi linasifia kila rangi. Ngoja alasiri, jua likiingia kwa dirisha hili, ndipo zitasema kweli."

Nikangoja alasiri. Dirisha la chumba kile linatazama magharibi, na nje yake ni uwanja wa udongo mwekundu. Jua likishuka, wekundu ule unaruka kutoka chini na kuingia ndani. Baka la pembe likageuka rangi ya uji wa mtama. Baka la kitani likatulia, likawa kama ngozi ya mtu mgonjwa. Nilipendelea pembe. Asubuhi yake, kwenye kivuli, pembe ilionekana chafu kama shati lililovaliwa siku mbili, na kitani ikaonekana safi. Nikapendelea kitani. Jioni chini ya taa zote mbili zikawa kitu kimoja.

Hivyo ndivyo nilivyokaa siku tisa. Nilihamishia kiti changu humo ndani. Asubuhi naangalia, mchana naangalia, alasiri naangalia. Nitasema ukweli wa kilichokuwa kinanisumbua. Nilikuwa najaribu kukumbuka udongo wake. Niliwaza kwamba mojawapo ya rangi hizi mbili lazima ndiyo iliyo karibu na ule weupe usio mweupe wa Bukene, na kwamba nikiupata, ataingia, ataona, na sitahitaji kusema lolote. Lakini nililala chini ya ukuta ule miaka kadhaa na sikuwahi kuuangalia. Ulikuwa na umanjano au ukijivu? Sikujua. Nilikumbuka rangi ya kahawia ya stesheni mpaka harufu yake. Udongo wa mke wangu sikuukumbuka.

Siku ya tisa fundi alikuja na brashi zake, akanikuta kwenye kiti.

"Mzee, unachagua rangi au unachagua mchumba?"

"Zinabadilika kila saa."

"Zitabadilika mpaka kiama. Mimi nikuambie kitu cha bure? Mwezi wa kumi vumbi likishapita humu, zote mbili zitakuwa rangi ya Tabora. Hakuna mgeni atakayejua ulipaka ipi."

Binti yangu alikuja jioni hiyo hiyo. Ilikuwa Jumatano, na mama yake alikuwa anakuja Jumamosi. Aliona mabaka manne na chumba kitupu, akashika kiuno.

"Baba, bado?"

"Naamua."

"Unaamua nini? Hizi zote ni nyeupe."

"Siyo nyeupe. Angalia vizuri."

Akaangalia, akiwa amekaza macho. "Haya, ni nyeupe iliyochoka. Chagua moja nyeupe iliyochoka fundi apake kesho. Mama akikuta chumba kina mabaka kama ng'ombe, ataondoka, na mimi nitamlaza sebuleni chini kwenye godoro, na mguu ule. Umesikia, baba? Siyo suala la rangi. Ni suala la kuwa na chumba."

Alikuwa na haki. Nilimwambia nimesikia. Alipoondoka nilichukua kipande cha chaki nikaenda kuweka alama kwenye baka la pembe, nikasimama na chaki mkononi. Nilijiona jinsi nilivyosimama. Hivyo hivyo ndivyo nilivyosimama Bukene na ile kamba ya kunyooshea mstari. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba safari hii nilikuwa na nia njema, na nikikumbuka vizuri, hata safari ile nilikuwa na nia njema.

Sikuweka alama. Nilikwenda barazani nikampigia mke wangu simu. Kwa miaka minane nilikuwa nimempigia mara chache, kwa misiba na sikukuu. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Habari za mguu?"

"Upo. Sema."

"Ni habari ya chumba. Kuna rangi mbili. Moja ina umanjano kidogo, nyingine ina ukijivu kidogo. Nataka kukuuliza unataka ipi."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akitwanga.

"Umesema nini?"

"Nakuuliza rangi. Ya chumba."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Binti ndiye amekuambia useme hivyo."

"Binti ameniambia nichague haraka. Yeye hajui kama nimepiga."

"Mimi siwezi kuchagua rangi kwenye simu," akasema. "Iache. Nitaiona." Akakata bila kuaga.

Siku ya pili nilimwambia fundi asipake. Akaweka brashi chini, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani. Alikwenda akaosha mikono bombani. Binti nilipomweleza kwa simu akasema, "Baba, ukikosa nafasi hii usije ukanilaumu mimi." Nikasema sitamlaumu. Siku mbili zile nilifagia kile chumba mara nyingi bila sababu. Niliweka kitanda, nikakitoa tena, nikaogopa kuonekana nimeshapanga.

Jumamosi gari lilifika saa tatu asubuhi. Binti alishuka kwanza, akamsaidia mama yake. Nilikuwa nimemwona mara ya mwisho kwenye harusi ya mpwa wake, kwa mbali. Alikuwa amepungua, na mkongojo ulikuwa mrefu kwake, bega moja limepanda juu. Dereva alizima injini akafungua gazeti. Nilimsikia mke wangu akimwambia asiende mbali.

Alinisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi anayopewa mtu yeyote njiani. Nikaitikia vilevile. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja uani, mkongojo ukigonga saruji, sisi tukifuata nyuma. Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo nje ya mlango. Akasimama, akamwambia karibu mama, pole na mguu.

Aliingia peke yake. Sisi tulibaki mlangoni. Aliangalia chini kwanza, mahali palipokuwa na kahawia, akapitisha kiganja kwenye ukuta usawa wa kiuno, kutafuta mstari. Haukuwepo. Kisha akasogelea mabaka.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo hizo," nikasema. "Ya kushoto inaitwa pembe. Ya kulia kitani."

"Majina waachie wenye duka." Akainama, akanusa baka la kwanza, akanusa la pili. Akakwangua kidogo kwa ukucha. "Hii ni nta ya sega jipya. Hii ni nta uliyoichemsha mara mbili na bado ina majivu ya moto ndani."

"Mama, usiku zinafanana," binti akasema kwa haraka. "Yoyote ni nzuri."

"Sijakuuliza wewe, mwanangu."

Nikaona niseme. Nilikuwa nimekusudia kusema maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga siku tisa, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Nilikuwa natafuta inayofanana na udongo wako wa Bukene. Nimeshindwa kukumbuka. Nadhani ulikuwa na ukijivu."

Aligeuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Udongo ule ulikuwa na wekundu," akasema. "Wekundu mdogo. Hakuna kati ya hizi."

"Sikujua."

"Hukujua. Na kwa taarifa yako sikuupenda. Nilikuwa natembea nusu siku, narudi na karai kichwani, shingo inaingia kifuani. Kulikuwa na mwingine mweupe kabisa karibu na kisima, wa bure."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaufuata kule?"

"Kwa sababu wanawake wote walichukua wa kisimani." Akatikisa kichwa, kama anayemshangaa msichana asiyemfahamu. "Nilitaka chumba changu kisiwe kama cha mtu mwingine. Ukakipaka kama cha watu wote wa reli nzima."

"Nilikosea," nikasema. "Bukene nilikosea, na hapa nilikosea tena, na zile nta pia. Na neno nililokuambia siku ile kuhusu nyumba."

Fundi alijifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo yake. Binti aliangalia chini. Mke wangu hakusema amenisamehe, na hajasema mpaka leo ninapoandika. Alihamisha mkongojo kwapa la pili.

"Wewe ulikuwa unataka ipi?" akauliza.

Nilifikiria kusema sijui. "Pembe," nikasema. "Alasiri inapendeza."

"Basi fundi, nipakie kitani."

Fundi akakohoa ili asicheke, na hakufaulu. "Sawa mama. Kuta zote?"

"Kuta zote. Na dari iache hivyo. Kwa siku ukuta mmoja, maana nitakuwa nalala humu."

Binti alinishika mkono kwa nyuma, akaubana. Mimi niliangalia baka la kitani. Lilikuwa na ukijivu ule ule wa kunichosha macho, na mdomoni nilikuwa na sentensi nzima kuhusu mwanga wa saa kumi, kuhusu ngozi ya mgonjwa. Nilikaa nayo mdomoni. Siyo jambo kubwa, lakini nilichoka nalo kama nimebeba gunia.

Nikadhani yameisha. Yeye alikuwa amegeukia mlango. Aliuvuta, akaangalia upande wa nje, akaangalia upande wa ndani, akarudia.

"Komeo liko nje," akasema.

"Kilikuwa ghala," nikasema.

"Mimi siyo mahindi. Liwekwe ndani. Sitaki mtu aingie humu kunipangia vitu vyangu."

"Nitamwambia fundi seremala Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimeshalala humu siku mbili."

Nikaenda kutafuta bisibisi. Fundi rangi alitaka kunipokea, nikamkatalia. Skrubu zilikuwa na kutu, moja ikaliwa kichwa, nikaing'oa kwa koleo. Mikono yangu siku hizi inatetemeka kidogo, kwa hiyo kila tundu lilinichukua muda, na wote walisimama wakisubiri, na hakuna aliyenihimiza. Nililigeuza lile komeo, nikalipachika upande wa ndani, usawa wa mkono wake, siyo wangu. Nilipomaliza nilitoka nje.

Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia chuma kikiteleza.

"Sukuma," akasema kutoka ndani.

Nikasukuma.

"Siyo hivyo. Sukuma kama mtu anayetaka kuingia."

Nikaweka bega, nikasukuma kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Mlango ukalia kidogo kwenye fremu, lakini haukufunguka.

"Haya," akasema. "Mwambieni dereva aende."